Estragoni Haina Mbegu

Mama Anasta,

Mwanangu Masika ametoka kumwaga kikombe kizima cha maji kwenye mkebe wako. Si maji ya kuoshea vyombo, ni ya kunywa, niliyochemsha asubuhi nikayapoza. Alikuwa amekaa hapa kwenye mguu wangu akinywa, halafu akasimama, akatembea polepole kama mtu aliyejitwisha mtungi, akafika mlangoni kwenye mkebe, akainamisha kikombe mpaka tone la mwisho. Nikapiga kelele. Akanigeukia na yale macho yake, akasema, "Bibi iko na kiu."

Nilitaka kucheka, Mama. Badala yake nimechukua mkebe nikauinamisha maji yatoke, haraka haraka, kama vile kuna kitu mle cha kuokoa. Hakuna. Kuna vijiti vitatu vikavu na udongo. Estragoni yako, lile jani lako la jikoni, imekufa. Imekufa mikononi mwangu, na sikupata ujasiri wa kukuambia mpaka leo, mwezi wa tano tangu tukuzike.

Padri alituambia tuwaombee marehemu. Hakusema tusiwaandikie. Basi nimekaa hapa Bwera, jikoni kwako, juu ya kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi, na karatasi nilizochana katikati ya daftari. Shule yangu unaijua, ni ile ile ya darasa la nne, kwa hiyo makosa utayasamehe. Nina mengi ya kukuambia na moja la kukuuliza. Hilo moja linanichoma.

Kasese ni ile ile, vumbi na joto. Nyumba ya wageni bado inapokea watu wa mgodi na watu wa reli, ingawa sukari imekuwa kitu cha kusimuliana na sabuni tunaikata kwa uzi. Mahali pako jikoni hapajapata mtu. Meneja alituita, mimi na Jeremia, akasema hataki maneno mengi. Jumamosi ijayo wakubwa wa mgodi watakula pale. Kila mmoja wetu atapika kuku wake, na kuku ambaye wageni wataomba kuongezwa, mwenye kuku huyo ndiye atakuwa mpishi mkuu.

Jeremia akacheka kwa pua, unamjua. "Mama Masika, wewe utampika kuku wa Mama Anasta kwa majani gani? Ya maboga?"

Mpishi mkuu ndiye anapewa chumba cha nyuma, kile chako, chenye dirisha. Sikitaki kwa sababu ya dirisha. Nakitaka kwa sababu mtoto anaruhusiwa kulala humo. Sasa namwacha Masika kule mlimani Kyondo kwa mama yangu mzazi, namwona Jumapili kwa Jumapili, na Jumapili iliyopita aliniamkia kama mgeni, kwa magoti. Nikampa mkono, Mama. Nilimpa mkono mtoto wangu kama mtu wa kupita. Wiki hii nimeomba siku nne, nikaja naye hapa, pamoja na mkebe, na najua Jumapili jioni lazima nimrudishe mlimani. Kwa hiyo nikisema habari ya majani, usidhani nasema habari ya majani tu.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponipa kutafuna. Nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kuosha sufuria, tumbo limeanza kuonekana, baba yake Masika amekwenda kutafuta kazi na barua hazijaja (mpaka leo bado, lakini natumaini). Hukuniuliza ya tumbo. Ulifungua jani la mgomba kwenye kikapu chako, mle ndani majani yamelala kama watoto: seleri, kotimiri, mujaja wa chai, na hilo jembamba la kijani kibichi nisilolijua. Ukasema, "Tafuna." Nikatafuna. Tamu kidogo, kali kidogo, kama dawa ya mtoto. Halafu ncha ya ulimi ikalala usingizi. Nikaogopa, nikaushika kwa vidole. Ulicheka mpaka ukashika meza.

"Njo yenyewe hiyo. Kama hailaze ulimi, haiko estragoni. Iko majani tu."

Ukanifundisha. Jani gumu linaingia na kitunguu, mwanzoni, lipate muda. Jani laini linaingia mwisho, sufuria imeshateremka. Kotimiri haikatwi na kisu butu, itakuwa nyeusi kama kosa. Na estragoni, ulisema, haichemki kabisa: "Inasalimia chakula, inakaa." Siki ulitengeneza mwenyewe kwa pombe ya ndizi iliyochacha, ukatumbukiza matawi mawili kwenye chupa, ukaificha nyuma ya debe la unga. Wageni walikuwa wanauliza siki hiyo inatoka nchi gani.

Na unakumbuka siku ya afande.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, niko nyuma ya mlango na sinia. Alikuja na wenzake wawili, bunduki wakaziegemeza kwenye kabati la sahani. Akataka kuku. Ulimpikia yule wa mtindi mzito, na majani yakatiwa mwisho. Alikula nusu. Akatua uma. Akatoa ulimi, akaushika. Kiti kikaanguka.

"Nani napika hii? Kuja hapa! Ulimi yangu nakufa!"

Nililikumbatia sinia. Wewe ukafuta mikono kwenye aproni, ukatoka pale kama unakwenda kupokea barua.

"Afande, ulimi haikufe. Imelala kidogo. Itaamuka mbele ya chai kufika."

"Sumu! Kula! Nasema kula yote!"

Ukainua kiti chake kilichoanguka, ukakifuta, ukakaa juu yake. Ukamla kuku wa afande polepole mpaka mfupa. Ukaomba chumvi! Ukasema, "Kama hii ni sumu, mi nilikufa zamani, kule kwa basista benye kunifundisha kupika. Unasema na muzimu, afande." Mmoja wa wenzake akaanza kucheka, wa pili naye, na afande mwenyewe akaona acheke kuliko kubaki amesimama bila kiti. Lakini alipokuwa anavaa kofia aliinama karibu nawe, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Hii majani naotesha wapi?"

"Inatoka ng'ambo, afande. Kongo."

Ulirudi jikoni, ukakaa sakafuni, na kikombe nilichokupa kikakuponyoka. Nikakunywesha maji mimi. Ulipotosheka niliendelea tu, nakunywesha nakunywesha, yakamwagika kifuani, ukausukuma mkono wangu. "Biira, Biira. Weye unanywesha mutu mupaka anazama." Tulikuwa wawili tu. Tukacheka kwa sauti ya chini kama wezi.

Tangu siku ile hukutaja tena jina la jani mbele ya watu, na kikapu ulikifunika kwa vitenge viwili.

Sasa nifike kwenye siku zako za mwisho. Ulikuwa umelala hapa, upande wa ukuta. Ulinishika mkono ukasema maneno ambayo nimeyabeba kama mtu anavyobeba yai: "Hii haina mbegu. Maua yake ni ya bule. Nilivuka nayo ndani ya kitambaa chenye maji, iko muzizi tu. Mutu akikuambia alipanda mbegu, ujue anakudanganya ao aliiba." Ukasema mkebe ni wangu. Nikaenda mbio kumwita padri, nikakuacha na Mama Roza, jirani yako, na niliporudi ulikuwa umekwisha kwenda. Mama Roza ameshakufunga kidevu.

Nikauchukua mkebe. Niliuona udongo wake umechimbuliwachimbuliwa upande mmoja, laini, mpya. Niliona, Mama. Sikusema. Nilidhani kuku.

Nikaupeleka Kasese, nikauweka nyuma ya jiko pale ninapouona. Nikautunza kama nilivyomtunza Masika alipokuwa na surua. Asubuhi maji, mchana maji kwa sababu ya lile jua, jioni maji. Usiku nikisikia joto mimi nilikuwa nasema na yenyewe inasikia, naamka namwagia. Masika alipokuja kunitembelea nilimshika mkono na kikombe nikamfundisha, "Mpe bibi anywe." Mwezi wa kwanza majani yakawa ya manjano. Nikaongeza maji. Wa pili yakaanza kudondoka. Wa tatu ikabaki vijiti.

Nikamshuku Jeremia. Ilikuwa rahisi. Nilikuta povu karibu na mkebe, nikaamini anamwaga maji ya sabuni. Niliunusa udongo. Nilimchungulia viatu. Alipopita na birika la maji moto nilikuwa namfuata kwa macho mpaka kona, na siku moja akageuka akasema, "Mama Masika, unanipenda au unanidai?" Watu wakacheka. Mimi nikasema moyoni, cheka, mchawi wewe.

Halafu ikaja siku ya kumaliza matanga yako, hapa hapa. Wamama wa kanisa walipika. Mama Roza alileta samaki, ngege kutoka Kasenyi, wakubwa, wa mchuzi. Huyo Mama Roza wako, uliyevuka naye mto mwaka mmoja na mkagombana kila wiki tangu hapo. Nikala. Tonge la kwanza nikasema, hapana. La pili nikafumba macho. Ulimi wangu ukalala, Mama. Pale pale, katikati ya watu waliokuwa wanaimba.

Nikamsogelea. "Mama Roza, umetia nini kwenye samaki?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Majani ya majani. Kula, samaki inapoa."

"Umeyatoa wapi?"

Alikuwa anatoa mwiba katikati ya meno. Hakuniangalia. "Nilipanda mbegu. Nilinunua soko ya Mpondwe, kwa mwanamuke moja wa Butembo."

Mbegu! Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Wote pale mezani walitikisa kichwa, eeh, mbegu za Butembo ni nzuri, na mimi peke yangu nilijua. Nikaondoka na sahani yangu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kuanzia hapo sikupata usingizi wa kueleweka. Niliyaunganisha yote. Nani alibaki na wewe nilipomkimbilia padri? Nani alijua mkebe uko wapi? Udongo ulichimbuliwa lini? Nikaona kabisa kwa macho yangu, kama sinema: mwanamke anakufunga kidevu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anachimba. Mwili wako bado una joto. Nikaamini mpaka na ile yangu ilikufa kwa sababu yeye alikata mzizi wenye nguvu akaniachia uliochoka. Jeremia nikamsamehe kidogo, nikahamishia yote kwa Roza.

Nilipokuja juzi nilikwenda kwake kuomba moto, na moto nilikuwa nao. Akanipa kaa kwenye kigae. Nikazungukia nyuma kana kwamba napita njia fupi, nikaona kupitia matete ya ua: mkebe wa mafuta, umetobolewa matundu chini kwa msumari, vile vile unavyotoboa wewe, matundu saba kwa duara. Na juu yake kijani kibichi. Nilisimama pale na kaa langu linawaka mkononi. Mama Roza akatokea, akajiweka katikati yangu na mkebe, mnene vile alivyo, ukawa hauonekani tena.

"Mama Masika, njia iko huku. Haiko kule."

Jana asubuhi nikaenda kuomba chumvi, na chumvi ya Katwe imejaa chupa hapa kwako. Akanipa, akasema, "Kesho utaomba nini? Maji? Kitanda?" Nikajua amenijua.

Leo sikuomba kitu. Niliamka, nikamwosha Masika, nikamwacha na wamama waliokuwa wanafagia kanisa, nikaenda moja kwa moja. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya heshima. Nilipomwona yote yalipotea. Nilimwita mwizi wa marehemu. Nilimwambia mikono iliyomwosha Mama Anasta ilimwibia. Nilimwambia nitasema mbele ya padri na wamama wote Jumapili. Nilikuwa napiga kelele, na kuku wake wakakimbia, na yeye alikuwa amekaa tu anaparua samaki magamba.

Akaosha kisu. Akasema, "Umekawia."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Yako ilikufa lini?"

"Nani amekuambia imekufa?"

"Ungekuwa nayo haungekuja na hasira. Ungekuja na kuringa."

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa. Ni kile kitenge chako cha ndege wa buluu, chenye tundu la pasi. Kilikuwa kimekakamaa kwa udongo, na kwenye ncha lile fundo lako la mara tatu, la kufungia kuku. Akakiweka mikononi mwangu. Akasema ulimwita siku mbili kabla hujanipa mkebe, mimi nikiwa Kasese kazini. Ulichimba mwenyewe, umekaa chini kwa sababu kusimama umeshindwa. Ukamwapisha. Akaniambia ulivyosema, na akaigiza sauti yako, Mama, mpaka nywele zikanisimama.

"Roza, mutu akikuuliza, sema ni mbegu. Basoda ba bunduki bakiuliza, mbegu ya soko. Wamama bakiuliza, mbegu. Bote batakubali. Iko mutu moja tu atajua ni uongo, na huyo atakuja na kisirani. Akikuja, ujue yake imekufa. Mupe."

Nilikigeuza kile kitenge mikononi. Sikumwamini. Unisamehe, nilimshuku bado, nikasema huyu mwanamke ana akili, ametunga hadithi usiku huu baada ya ile chumvi. Kitenge si kitu, aliweza kukichukua siku ile ile. Nikamuuliza, "Na kwa nini asinipe mimi yote? Kwa nini asiniambie?"

Mama Roza akacheka sana, tumbo lote likacheka. "Angekuambia ungekuja kuinywesha na hii yangu! Alisema, Biira ananywesha mutu mupaka anazama."

Hapo nikakaa chini.

Maneno hayo yalisemwa jikoni Kasese, siku ya afande, tukiwa wawili tu. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyeyasikia. Basi ni kweli.

Nimerudi hapa, nikashika kisu, nikachimba kwenye mkebe wangu kuutazama mzizi. Sikuwahi kuuchimba kabla. Niliogopa. Ni mweusi, umelainika kama ndizi ya kuoza, unanuka bwawa. Na udongo wa chini, huku juu kumekauka siku hizi nilizoacha, chini bado unanata. Jeremia hakumwaga kitu. Roza hakukata kitu. Ni mimi, kikombe kwa kikombe, asubuhi na mchana na jioni, kwa mapenzi yote niliyonayo.

Sasa swali langu. Mama, ulinishuku? Tangu lini? Uliponishika mkono pale ukutani na kuniambia mkebe ni wangu, ulikuwa tayari unajua nitaiua? Maana nimekaa hapa naweka siku zako zote kwenye mwanga, moja moja, natazama kama kuna nyingine ulinificha. Ulivyonitazama nikimpa Masika uji. Ulivyoondoa birika karibu nami nilipokuwa napika wali. Nilidhani ulikuwa unapanga meza. Mimi nilijiona mtu wa kushuku watu wote, kumbe wewe ulinishuku kabla, kimya kimya, huku unanipa zawadi.

Nimekasirika saa nzima. Nimekaa na hasira hapa kwenye kigoda chako, na Masika akarudi na wale wamama, akaja kukaa kwenye mguu wangu na kikombe chake. Halafu akafanya alichofanya, nikaona mkono wake mdogo umeinamisha kikombe, umekaza, hautaki hata tone libaki. Mkono wangu ule. Nikapiga kelele kama wewe ungepiga. Na baada ya kelele nikaona kwamba sikumpigia kelele kwa sababu simpendi. Nadhani hilo ndilo jibu, ila ningependa kulisikia kwako.

Tena nimefikiri jambo jingine. Hukumwambia Roza, "Biira akija mfukuze." Ulimwambia, "Mupe." Uliweka uongo mlangoni kama kufuli, na ufunguo ukaniachia mimi peke yangu. Afande hawezi kuingia, Jeremia hawezi. Mtu anayeshuku tu hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo anangoja mtu arudi.

Mama Roza amesema atakuja leo hii, jua likishuka kidogo, na mkebe wake. Tutaugawa mzizi hapa mbele ya mlango wako. Nusu abaki nayo yeye. Nusu ni yangu, lakini haiendi Kasese tena. Itakaa Bwera kwenye baridi yake, kwenye mchanga wa mtoni, na mimi nitakuja na kikapu na vitenge viwili, kama ulivyokuwa unafanya wewe miaka yote na mimi sikujiuliza kwa nini. Majani ya Jumamosi atanikatia matawi sita. Nimemwambia namshukuru. Amenijibu nimshukuru baada ya kumwomba radhi mbele ya wale kuku wake niliowatisha. Bado ana ulimi, rafiki yako. Na bado namwangalia kidogo, Mama, siwezi kusema uongo. Nitahesabu hayo matawi.

Kuku nitampika kama ulivyonionyesha. Sitachemsha majani. Sitaongeza maji kwenye mchuzi hata Jeremia akisimama karibu na kucheka. Wageni wakilalamika ulimi umelala nitawaambia utaamka mbele ya chai kufika. Na wakiomba kuongezwa, Jumapili ile nitamtoa Masika Kyondo. Atalala kwenye chumba cha dirisha, na nitamwonyesha mahali ulipokuwa unatundika aproni. Wasipoomba, basi nitaosha sufuria na kuja hapa kila Jumapili na kusubiri mwaka mwingine, maana sasa kuna mzizi. Penye mzizi naweza kusubiri.

Pumzika, Mama Anasta. Usiniangalie sana kwa wasiwasi. Nakuahidi mbele ya hiki kigoda chako: mara moja kwa wiki, kikombe nusu, na kabla ya kumwaga natia kidole kwenye udongo kama ulivyokuwa unatia kwenye uji wa mtoto. Mkono ukitaka kuzidi nitaushika kwa mkono mwingine. Na Masika nitamfundisha upya, kwamba bibi akishakunywa

Roza huyo anaita njiani. "Mama Masika! Kuja na mikono kavu!" Nakuja. Ngoja tu nimpokonye mtoto kikombe kwanza, maana ameshakijaza tena na amesimama mlangoni anamngojea Roza na mkebe wake.